Kazi Yangu Kushika Tochi

Maji yametoka vuguvugu tena.
Ardith aliingia bafuni na tope la zamu ya mchana,
tope jeusi la viazisukari, limemgandia hadi kwenye kope,
akatoka vilevile alivyoingia
ila sasa amekasirika.

Oktoba, Drayton. Theluji ya kwanza inajaribu paa zetu
kama mtu anayebisha hodi kwa kucha.
Tela thelathini na saba nyuma ya kiwanda,
wastaafu watupu, wenye magoti ya kuazima,
tunavuna wiki tatu tupate nauli ya kukimbilia jua.
Kila tela ina kimlango cha bati ubavuni,
nyuma ya kimlango kuna tangi,
na nyuma ya kila tangi kuna ndoa.

Amevaa koti langu juu ya koti lake.
"Funga gesi. Zima umeme. Subiri lipoe."
Nafunga. Nazima. Kusubiri najua.
Miaka arobaini na minne kazi yangu ni kushika tochi,
na bado namulika macho yake badala ya nati.
"Huko, Orlin. Huko! Si mimi niliyeharibika."

Kwanza kichomeo.
Buibui anapenda harufu ya gesi, anasema,
sijui nani alimwambia.
Kafuma ndani ya bomba jembamba kitambaa cheupe,
chepesi kuliko pumzi,
kinachotosha kunyong'onyeza moto wa nyumba nzima.
Akakitoa kwa waya wa kusafishia kiko changu
nilichoacha kuvuta mwaka ule wa moyo.

Halafu akainua kikonyo cha vali ya usalama,
tangi likashusha pumzi, fyuuu,
kama mgeni aliyefika akavua viatu.
Spana ya ishirini na saba, mpini mrefu.
Akaning'inia nayo. Nati haitaki.
Akaitukana kwa Kinorwe cha mama yake.
Ikazunguka robo.
Maji yakaruka, na vipande vya chokaa kama meno ya watoto
vikamwagika juu ya viatu vyangu.

Ndipo ikatoka ile fimbo.
Tuliinunua nene kama kidole gumba,
ya magnesi, iliyowekwa mle makusudi iliwe:
kutu ikija na njaa yake ianze nayo, tangi lipone.
Umebaki waya na vinundu viwili vitatu.
Ardith aliishika kwenye mwanga, akaizungusha,
hakusema kitu.
Nikatazama vidole vyake vilivyoishika,
nikaona afadhali nimulike chini.

Mpya ilikuwa kwenye droo ya vijiko, tangu Mei.
Utepe mweupe, mizunguko minne.
Mkono kwanza, spana baadaye.
Maji kabla ya moto: bomba la jikoni likakohoa,
likakohoa, likanyamaza, likatiririka.
Tik. Tik. Tik.
Kisha bluu, ngurumo ndogo ya bluu,
na Merle wa tela ya jirani akapiga makofi dirishani.

Nusu saa. Akafungua bomba.

Vuguvugu.

Hapo tumbo langu likapoa kuliko maji.
Nikakumbuka Aprili, chini ya kitanda, mimi peke yangu,
na ile vali ya kuchepusha maji,
tunayoigeuza tela inapolala majira ya baridi
na kuirudisha inapoamka.
Niliirudisha nusu. Simu ikalia. Nikaenda.
Kiangazi chote hatukujali, nani aoge moto Julai?
Kumbe baridi inapenya, inachanganyika na moto wetu.
Kikulacho ki nguoni mwako,
na nguo yenyewe ndiyo mimi.

Nikasema naenda kutafuta soksi.
Nikapiga magoti, yale ya kuazima,
nikanyoosha mkono gizani, bila tochi,
nikaimalizia nusu iliyobaki.
Ikalia: kwiii.

Mvuke ulifunika dirisha, ukafunika kioo,
ukatoka chini ya mlango ukanipata miguuni.
Akatoka mwekundu, taulo kichwani,
akaketi ukingoni mwa kitanda, juu kabisa ya ile vali.
"Soksi umepata?"
"Nimepata."
"Zina kutu. Nimezisikia zikilia."
Akajikausha sikio moja, taratibu, halafu la pili.
"Mwakani," akasema,
"nitashika tochi mimi."