Makato ya Maji

Godoro lilikuwa la inchi sita, bado ndani ya nailoni,
limesimamishwa kando ya meza ya mgeni rasmi
kama mchezaji wa kumi, asiyepangwa.
Zawadi ya Mchezaji Bora wa Besiboli, Nyanda za Juu.
Wakamwita Gwakisa. Uwanja ukalipuka.

Nani asingemwita? Mipira mitano aliivusha uzio,
mmoja ukavunja kioo cha bweni kule Uyole,
na mpira uvunjao kioo hauhitaji karani.

Mimi nilikuwa na kauntabuku,
mechi kumi na nne, kila mrusho kwa penseli,
maana wino hapa Tukuyu haukauki: hutembea.

Humo ndani yumo mwingine. Anyandwile,
bega la kushoto limeshuka kidogo,
ambaye watazamaji walimjua kwa kusimama.
Anashika gongo, hapigi.
Mpira mbovu unapita, anautazama
kama mtu atazamaye basi la Kyela naye anakwenda Mbeya.
Wa pili. Wa tatu.
Wa nne, na huyo anakwenda zake kituo cha kwanza,
kwa miguu, bila haraka, huku wanamzomea:
"Piga basi! Umekuja kungoja ugali?"

Haya, tuhesabu.
Kila timu hupewa roho ishirini na saba za kupoteza,
zikiisha, mchezo umeisha.
Mara sitini Gwakisa alishika gongo:
arobaini na tatu alizima roho moja.
Mara sitini Anyandwile:
thelathini na moja.
Kumi na mbili hizo katikati
hazikuvunja kioo cha mtu.

Kisha nikaviuliza viwanja.
Kule Mbeya hewa ni nyepesi, udongo mkavu, mpira unapaa.
Kwetu uwanja umeinama kuelekea migomba,
na mpira uliolowa una uzito wa kiazi.
Pigo lilelile, mkono uleule:
kule unavuka uzio,
huku puu! mikononi mwa mlinzi.
Nikalinganisha kila timu, nyumbani na ugenini.
Penye mikimbio kumi Mbeya, Tukuyu ni sita.
Nikagawanya. Nikazidisha. Nikafuta, karatasi ikatoboka,
nikaanza upya.

Sisemi daftari langu ni msahafu.
Mechi kumi na nne ni kuonja mchuzi kwa ncha ya kijiti,
pengine chumvi imelala chini.
Na Gwakisa si mwizi. Alipoingia yeye
niliona vidole vya mrushaji vikitafuta mshono wa mpira mara mbili,
na hofu sikuichorea safu.

Kamati nikaionyesha. Mzee Mwakibete akavua miwani:
"Mwalimu, nani atapanda gari kuja kutazama mtu anatembea?"
Sikuwa na jibu. Bado sina.

Anyandwile nilimnakilia ukurasa wake.
Akausoma kwa kidole, polepole.
"Hizi thelathini na moja," akauliza, "nilikosea wapi?"

Jumamosi nikamkuta mama yake, Tusekile,
kwenye foleni ya mizani ya chai,
vidole vyeusi kwa utomvu, ukurasa uleule mkononi.
"Mwalimu, hili ni deni?"
Si deni, mama.
Nikamweleza kumi za kule, sita za huku,
mvua, mteremko, mpira mzito,
na namna nilivyomrejeshea mtoto alichopunguziwa na mawingu.

Akanyamaza. Mbele yetu karani,
biki nyuma ya sikio, alikuwa anatoa kilo mbili
kwenye kila kikapu, kwa sababu majani yamelowa.

"Miaka kumi na tisa nakatwa maji," akasema.
"Kumbe iko hesabu inayoyarudisha."

Akaukunja ukurasa mara nne,
akaufunga kwenye pindo la kanga pamoja na stakabadhi,
akainama, akabeba kikapu,
maana zamu yake ilikuwa imefika.