Povu

Radovan Šimůnek kaingia na theluji mabegani,
kofia mkononi, shavu la kushoto limetuna
kama la mpiga zumari aliyekatizwa pumzi.
"Tangu Jumapili," akasema. "Linapungua, linarudi."
Kisha, akiutazama mlango:
"Ndugu yangu Zbyněk alianza hivihivi."

Sikumjibu. Kwa jambo hilo si mwepesi wa ulimi.
Nikamwambia alale, auelekeze uso ukutani,
nikamwomba radhi kwa ubaridi wa jeli:
kipasha-joto chetu kimekufa wiki iliyopita
na hospitali ina makubwa zaidi ya kununua.

Miaka arobaini na mmoja anapuliza kioo Nový Bor,
midomo kwenye bomba la chuma,
tanuri usoni, baridi ya dirisha mgongoni.
Shavu lake gumu, lina makovu madogo ya cheche.
Nikatelezesha kipimo mbele ya sikio,
nikashuka polepole hadi pembe ya taya.

Tezi ya mate ikiwa nzima haina hadithi:
kijivu tupu, majivu yaliyochekechwa mara mbili.
Jiwe nalijua. Hung'aa kwa juu, na chini yake
kivuli kimenyooka, cheusi, safi kama njia iliyofagiwa.
Lile jingine nalo nalijua, lile la Zbyněk,
nikalitafuta kwanza, kila pembe, mara mbili.
Halikuwapo.
Palikuwa na vidoa vya mwanga, vingi, vidogo,
na nyuma yake si kivuli bali vumbi la kivuli,
mwangwi uliopanda juu ya mwangwi.
Nikabonyeza. Vikahama.

Nikameza mate (naam, nami ninayo).
"Bwana Šimůnek, fumba midomo. Puliza
kama unavyopuliza bilauri."

Akapuliza.
Na pale kwenye skrini, katika mfereji mwembamba kama uzi,
pumzi yake ikarudi nyumbani kwa mlango wa uani,
punje, punje, punje za nuru,
zikienda kulala ndani ya nyama.

Nikamgeuzia skrini. Akaitazama
kwa jicho la mkaguzi, si la mgonjwa.
"Povu," akasema. "Bilauri yenye povu hili
sisi huivunja. Haiuzwi."
"Si saratani," nikasema.
"Nimesikia," akasema, akiendelea kuhesabu.

Majuma sita bila bomba, nikamwandikia;
maji, limau, kulikanda shavu kuelekea mdomoni.
Akauliza nani atamaliza bilauri mia mbili
za harusi ya binti wa mwenye kiwanda.
Kipimo changu hakifiki huko.

Akajifuta jeli kwa leso yake, karatasi yetu akaikataa.
Mlangoni akaligusa shavu kwa kidole kimoja
na ikasikika, naapa niliisikia,
sauti ndogo, kavu,
ya theluji mpya ikikanyagwa.
Akacheka. Akagusa tena.