Tafsiri kwa Hatibu

Kila mtu Tanga ana lake juu ya ulimi wa Semkunde.
Wa Makorora husema humtoa nyoka pangoni.
Mama mkwe wangu, aliyemnyima kura mara mbili,
husema: muongo, ila kuongea anajua.
Nami huulizwa zaidi ya wote,
kwa kuwa nalipwa kusimama ubavuni pake
na blauzi nyeusi, mikono ionekane.

Miaka sita namfasiri kwa vidole.
Naijua pumzi yake kabla hajaivuta.

Tangamano, mwezi wa kampeni, jua la saa nane:
"Ndugu zangu! Maji ni uhai, na uhai ni maji,
na asiyeyajua maji hajui alikotoka wala aendako!"
Uwanja ukaruka. Vigelegele.
Mimi nikafanya: maji. Nikafanya: kuishi.
Nikafanya tena: maji.
Kisha mikono ikabaki hewani, haina mzigo,
kama hamali aliyeitwa bandarini siku isiyo na meli.

Mstari wa mbele alikaa Hatibu,
fundi viatu wa barabara ya nane, kiziwi wa kuzaliwa.
(Baba yake alimpa jina kabla hajajua.
Mwenyewe hakulibadili; husema
jina ni shida ya wanaolisikia.)
Alinikazia macho, akauliza:
Lini?

Nikageuka kwa Mheshimiwa kuitafuta lini.
Alikuwa kwenye methali ya tatu.
Sauti ilipanda, ikakaa juu, ikashuka polepole
kama mtu ashukaye ngazi akijua anatazamwa,
na nakiri, vinyweleo vilinisimama.
Sasa vinyweleo nitavitafsirije?
Nikamfanyia Hatibu: bado.
Dakika kumi na saba. Bado. Bado.

Ningeishia hapa ningekuwa nimeshinda ubishi.
Lakini kuna ile Jumanne ya Duga,
mjukuu wa Bi Mwanamkuu alipotolewa kisimani.
Semkunde alifika kwa miguu, kanzu ina vumbi.
Hapakuwa na kipaza sauti.
Akasema, "Ndugu zangu,"
akanyamaza mpaka watu wakaanza kukohoa.
Kisha:
"Kisima hiki nilikizindua mimi. Mfuniko haukuwepo.
Niliuona haupo. Nikakata utepe."

Mikono yangu haikupata pa kujificha.
Mimi. Kisima. Kufungua.
Mfuniko, hakuna. Macho yangu, kuona.
Utepe, kukata.
Kila neno lilikuwa na uzito wake,
viwiko vikaniuma hadi usiku.
Hatibu, aliyesimama nyuma ya jeneza dogo,
hakuuliza kitu.

Tulirudi mjini na watu wa Makorora
ndani ya gari moja la msiba.
Wakatikisa vichwa, wakamhurumia:
"Umri huo. Ulimi umemwisha.
Leo hata hakuongea."