Sukari Kati ya Meno

Mama hunywa chai kama wanavyokunywa Tabriz:
kipande cha sukari kati ya meno ya mbele,
kisha chai nyeusi, ipite juu yake.
"Kimoja tu," husema.
Nami huhesabu vilivyobaki bakulini
kila nitokapo, kila nirudipo.

Julai ile vijiti vya kupimia damu vilikwama mpakani
wiki tatu, ndani ya lori, juani.
Kimeng'enya ni mgeni wa kudeka:
joto likizidi hujikunjua, husahau alichokuja kufanya.
Kijiti kikasema mia na kumi.
Mama akaanguka jikoni. Hospitali ikasema mia nne na kitu.

Kwa hiyo niko hapa, ghorofa ya tatu, theluji dirishani,
ninaotesha nikeli.
Ndiyo, kuotesha. Juu ya bamba la kaboni
yanachipuka maua ambayo jicho haliyaoni;
upana wa unywele mmoja ungeyapanga mamia.
Chini ya hadubini yana petali, yana miiba.
Hayana uhai wa kupoteza.
Yakiguswa na sukari huinyang'anya elektroni,
zikapita wayani, na hiyo ndiyo habari yote.

Haba na haba hujaza kibaba, tumeambiwa.
Hakuna aliyetuambia haba ni ndogo kiasi gani.

Profesa Behrang hakuvutiwa na maua.
"Vitamini C nayo je? Asidi ya yuriki?
Nazo hazitoi elektroni?"
Zinatoa.
Kwenye grafu mkweli na mwongo hupanda mlima uleule.
"Tena nikeli yako huamka kwenye magadi makali tu.
Damu si magadi, Solmaz."

Solmaz, kwa lugha ya kwetu: asiyenyauka.
Mama ndiye aliyenipa jina hilo.

Miezi kumi na minne. Nikaongeza shaba, nikaitoa.
Nikafunika maua kwa utando mwembamba unaofukuza asidi.
Tone la Mama nikalizimua kwa magadi, mkono ukitetemeka,
mstari ukapanda, ukasimama:
mia themanini na saba.
Maabara ya hospitali: mia tisini na moja.
Tone moja. Si ushahidi, nilijiambia,
nikakaa sakafuni hata hivyo.

Jioni akaniuliza, kikombe mkononi,
"Haya, maua yako yamesemaje?"
"Yamesema vipande vitatu, Mama."
Akacheka, sukari ikamdondoka mdomoni.
"Basi yafunze adabu," akasema,
akainama kuitafuta zuliani.