Daftari la Fundi Saa, Kaloleni

Kwanza yalikuja mabati ya buluu,
yakazunguka ilipokuwa gereji ya Kiure
na mjakaranda mmoja ambao hakuna aliyeuaga.
Juu ya mabati wakabandika picha:
ghorofa arobaini na moja, vibaraza vya vioo,
na watu warefu wasio na vivuli
wakinywa kitu cha rangi ya chungwa kwenye mawingu.
Nikasema, haya.
Nikarudi kwenye lenzi yangu, kwenye saa ya mwalimu Namsifu
inayopoteza dakika nne kwa siku.

Meza yangu imegusa dirisha.
Sikukusudia kufuatilia.
Ila jicho likichoshwa na kidogo hutafuta kikubwa,
na kikubwa kilichokuwapo ni shimo.

Hakuna aliyeniambia kwamba kirefu huanza kwa kuzama.
Walipita udongo mweusi,
wakapita wa kahawia, wakafika kwenye jivu la Meru,
jivu la kale, laini kama unga wa muhogo,
na chini ya jivu, maji.
Basi. Pampu zikanguruma usiku na mchana,
zikitapika mtaroni maji yaleyale
yaliyotutia rangi meno sisi wazaliwa wa hapa.
Watoto walikuja na ndoo. Mlinzi akawafukuza,
kisha akaona ni ujinga kulinda maji yanayomwagwa,
akakaa.

Niliandika nyuma ya daftari la wateja:
Jumanne, mtambo wa kutoboa, sauti ya jino linang'olewa.
Alhamisi, nondo, malori sita.
Ijumaa hakuna kazi. Mhandisi kasimama ukingoni peke yake,
ameshika kofia mkononi kama yuko msibani.
Jumamosi, mvua.
Jumamosi nyingine, bado mvua.

Ndipo akapanda ngazi zangu Mghanga, mfunga nondo, mtu wa Singida,
buti zimebeba nusu ya shimo.
Akaweka mezani saa ya marehemu baba yake,
ya kutia ufunguo, kioo kimeingia ukungu.
"Kule chini unyevu, fundi. Inakufa."
Nikamwambia wiki mbili.
Akacheka. "Usiharakishe.
Nitaifuata tukifika ya tano.
Nikiwa nayo shimoni nitaitazama tu, na siku haitaisha."
Nimeandika ahadi nyingi humu:
baada ya Pasaka, mwisho wa mwezi, kahawa ikiuzwa.
Ghorofa sijawahi.
Nikaandika: Mghanga. Ya tano.

Zege halilali. Watu husema hivyo kwa kila jambo;
usiku ule nililiona lenyewe likiwa macho.
Malori yalijipanga hadi kona ya msikiti, yakizungusha matumbo.
Shimo likawaka taa, likatoa mvuke,
na kofia za njano zikaenda na kurudi,
sikujua ipi ni yake.
Alfajiri, saa kumi na moja, kila kitu kikanyamaza.
Kimya kile kilikuwa kizito.
Nadhani ndicho msingi.

Leo mwezi wa nane.
Juu ya mabati zimechomoza nondo nne, zina kutu,
kama vidole vya mtoto anayeomba ruhusa ya kusema.
Ndilo jengo lote hilo, kwa sasa.
Nikifumba jicho moja, kidole gumba kinalifunika.

Najua litakalofanya. Meru wangu wa dirishani atakwenda,
na jua la saa moja na robo
ninalolitumia kuona skrubu ndogo.
Nitanunua taa.
Wale warefu watahamia, watapaita nyumbani
mahali ambapo leo ni hewa na kunguru mmoja,
na hawatajua jivu, wala Jumamosi mbili za mvua.

Droo ya pili, kushoto, saa ya Mghanga inatembea.
Niliimaliza zamani. Kila asubuhi naitia ufunguo,
nachungulia nje, nahesabu,
naandika:
sifuri, na nondo nne.