Watu Hawana Mdomo

Mutheu alikataa viazi karai vya Mama Kwamboka.
"Anakaangia mafuta ya transfoma."
Darasa zima la sita, hapa Kariobangi, likaitikia.

Nani kakwambia?
"Watu."
Watu hawana mdomo, nikasema. Mdomo ni wa mtu.
Nendeni mkaufuate.

Wakatoka na daftari.
Mutheu alisikia kwa Abdinoor,
Abdinoor kwa kinyozi wake,
kinyozi kwa muuza makaa,
ambaye hakuona kitu, ila "inajulikana".
Barasa yeye akamwendea mama mwenyewe,
akaonyeshwa mtungi na risiti ya duka,
akapewa kiazi cha moto, akakila,
kisha akaandika pembeni mwa ukurasa:
shahidi amelishwa.

Alhamisi Mutheu akasimama,
daftari limelowa mvua, wino umetambaa.
"Mwalimu, mwisho wa kamba tumeufikia.
Muuza makaa anasema ni wewe,
jioni ile stima ilipopotea,
ukicheka na Bwana Karisa langoni."

Chaki ikanikatikia mkononi.
Nilikuwa natania tu, nikasema.

Hakuketi.
"Hilo nalo," akauliza, kalamu tayari,
"nani mwingine alilisikia?"