Shikamoo ya Mashine

Runinga mpya ililetwa Jumanne na vijana wawili
waliovua viatu mlangoni bila kusema neno.
Ni pana kama meza ya watu wanane,
nami ni mmoja.

Amplifaya ni ya mwaka kiwanda cha karatasi kilipofungwa.
Kiinua mgongo kilinunua hiyo, na spika tano,
na lile dubwana la besi nyuma ya sofa.
Mgongo haukuinuka.
Lakini Jumamosi usiku, hoki ya barafuni,
kisahani kikigonga ubao upande wa kulia
shingo yangu iligeuka kulia.

Sasa nimechomeka waya. Picha ipo.
Theluji ya Kuopio dirishani, barafu kwenye kioo,
wachezaji wanafumbua vinywa kama samaki.
Kitabu cha maelekezo kina lugha ishirini na sita
na zote zinasema: vifaa sharti visalimiane kwanza.
Runinga inaamkia shikamoo;
asiyeitikia marahaba hapewi sauti.

Na mzee wangu alizaliwa
kabla salamu hiyo haijatungwa.
Amekaa, taa nyekundu usoni,
kama mimi kwenye lifti.

Nikajaribu waya wa mwanga, mwembamba kama utambi:
tundu moja duara, jingine mraba.
Nikajaribu nyekundu na nyeupe,
nyeupe na nyekundu,
nyekundu kwenye nyeupe.
Sauti ikaja, spika mbili tu za mbele,
tena imechelewa: bao limeshaingia,
kipa anakunywa maji,
ndipo mtangazaji anapiga yowe.

Nikazima.
Jumamosi ya kwanza, kimya. Ya pili.

Ya tatu mlango ukagongwa.
Mama wa chini. Taimi Räsänen, kwa mujibu wa kibao chake.
Miaka kumi na mmoja lifti moja,
hatujaambiana hata "baridi leo".
Nikajua ni kesi ya besi, nikaanza kuomba radhi.

"Nani alishinda?" akauliza.

Dari yake, kumbe, ilikuwa inamtangazia mechi.
Pigo moja, ubao. Mapigo mengi, ugomvi.
Mtikisiko mrefu, bao letu;
"maana bao lao ulikuwa unalipunguzia sauti.
Sasa wiki tatu nasikia bomba la maji tu."

Mfukoni mwa sweta, kisanduku kisichozidi kiberiti.
Alifunga mitambo ya redio miaka thelathini.
"Huyu mkalimani," akasema.
"Ataitikia kwa niaba ya mzee."
Akapiga magoti kwenye vumbi, tochi mdomoni,
akanitukana kidogo kwa ajili ya waya zangu.

Spika ya nyuma kushoto haikuamka, mpaka leo.
Lakini besi! Glasi zililia kabatini.

Nikamvutia kiti. Akakataa,
akasikiliza kidogo, kichwa upande,
kama mtu anayeonja supu ya jirani.
"Kule chini inasikika vizuri zaidi."

Nikampa nusu dakika ya lifti,
kisha nikaongeza sauti.